Marehemu Watatu wa Mnalile

Zawadi alimwonea wivu mwenzake kwa msiba, na jambo kama hilo humwambii mtu. Tangu lile bomu lilipolipuka kwenye mikorosho ya Mnalile, alishindwa kumtazama jirani yake Mwanakombo usoni.

Vita vyenyewe havikuwa vyao. Vilipiganwa ng'ambo ya Ruvuma, makombora mengine yakaangukia huku. Mapigano yalipokwisha, serikali ilileta wakaguzi wa mabomu, nao wakatoa barua kwamba mashamba ni salama, watu warudi kulima. Msimu wa kupalilia, jembe la mtu likagonga kitu chini ya mkorosho. Watatu walikufa palepale, mmoja wao Nuru, binti wa Mwanakombo. Selemani, mume wa Zawadi, alikatika mguu, akaugua wiki sita hospitalini, akafa. Kwa kuwa alikuwa na kisukari cha siku nyingi, cheti cha kifo kikaandikwa kisukari, basi. Orodha ya serikali ikabaki na marehemu watatu.

Wakubwa walipokuja kutoa pole, Zawadi alikuwa ndani ya eda. Alichungulia dirishani akaona magari manne yakiupita mlango wake na kusimama kwa Mwanakombo. Akasikia jina la Nuru kwenye kipaza sauti. Kesho yake picha ya Mwanakombo ilitoka gazetini, ameshika tama, ikasambaa kwenye simu za watu mpaka Nanyamba. Hata wanawake waliokuja kumliwaza Zawadi walimletea habari za jirani: "Maskini Mama Nuru, kakonda!"

Na mimi je, alijiuliza, nimenenepa?

Mwezi wa saba baada ya mlipuko, kamati ya uchunguzi ilikaa katika ukumbi mmoja mjini, pale Rahaleo. Mwanakombo aliitwa kwa barua. Zawadi hakuitwa, lakini eda ilikuwa imekwisha, akavaa baibui akaenda. Hakwenda kutafuta haki. Alitaka kumwona mwenzake akikosea maneno mbele za watu.

Alianza Godfrey, mkuu wa wakaguzi. Zawadi alimjua vizuri. Yeye Zawadi ndiye aliyempikia Godfrey na wenzake siku zote nne walizokaa kijijini.

"Kona ile lilipolipuka bomu hatukuimaliza, tukaizungushia utepe mwekundu," Godfrey alisema bila kubabaika. "Kwa bahati mbaya wananchi waliuvuka."

Mwenyekiti wa kamati, jaji mstaafu mwenye sauti ya upole, akamgeukia Mwanakombo. "Mama, binti yako aliuona utepe huo?"

Mwanakombo alisimama. Kamera zikamsogelea.

"Sijui, mheshimiwa. Mimi ndiye niliyemtuma shamba. Labda ulikuwepo. Labda hakuuona kwa sababu nilimharakisha."

Baadaye watu walimsifu Zawadi kwa ujasiri, lakini yeye anajua kilichomnyanyua. Ni kuona ukumbi mzima umemtegea sikio mwanamke asiyejua kitu, na anayejua amekaa benchi la nyuma.

"Hapakuwa na utepe!"

"Nawe ni nani, mama?" mwenyekiti aliuliza.

"Zawadi, mjane wa Selemani. Bomu hilohilo lilimkata mguu akafa, na hakuandikwa. Hawa wakaguzi niliwapikia mimi. Siku ya kwanza waliingia mashambani na vile vyombo vyao vinavyolia. Siku tatu zilizobaki walishinda ufukweni Msimbati, jioni wakarudi kula pweza. Barua wameiandikia mezani kwangu, nilisogeza sahani. Utepe waliniachia mzimamzima. Nimefungia nao banda la kuku."

"Mheshimiwa, huyu alikuwa mpishi tu," Godfrey alisema.

"Ndiyo, mpishi. Na viatu vyenu vilikuwa mlangoni kwangu. Najua siku mliyorudi na udongo wa shamba, na siku mlizorudi na mchanga wa pwani."

Ukumbi ukavuma. Mwenyekiti aliagiza utepe uletwe, na kifo cha Selemani kichunguzwe upya. Kisha akashika kalamu. "Jina kamili la marehemu?"

Zawadi alikuwa hajamaliza kulitaja, mbele yake Mwanakombo akaanguka sakafuni. "Mwanangu hakukosea! Jamani, hakukosea!" Kamera zote zikakimbilia huko.

Hata hili, Zawadi aliwaza. Hata hili ni lake.

Walikutana nje, kwenye ngazi. Macho ya Mwanakombo yalikuwa yamevimba.

"Ulijua siku zote hizi," alisema. "Miezi saba najilaumu, tunapakana ukuta. Kwa nini hukuniambia, dada?"

Zawadi alitafuta uongo, akaukosa.

"Nilikuonea wivu. Waliokuja kwako hawakuja kwangu."

Mwanakombo hakupandisha sauti.

"Mimi nilikuonea wewe. Wako ulimlisha kwa mkono, mkaagana. Mimi nililetewa mwanangu amefungwa kwenye khanga, nikaambiwa nisiifungue."

Hawakukumbatiana. Walikaa pale ngazini, mmoja juu mmoja chini, mpaka ukumbi ukafungwa.

Ripoti ilitoka kabla ya mavuno ya korosho. Godfrey na wenzake walifikishwa mahakamani, na marehemu wa Mnalile wakaandikwa wanne. Wakaguzi wapya walikuja, wakakaa wiki tatu. Waliomba mtu wa kuwapikia. Zawadi alikataa. Badala yake, kila asubuhi yeye na Mwanakombo walitangulia mashambani, wakasimama pembeni, wakawatazama wakipiga hatua moja moja.