Pedali ya Surinder

Tarlochan hakuwahi kuendesha gari maishani mwake, na hilo halikumwaibisha hata kidogo. Tangu waoane, dereva alikuwa mkewe, Surinder. Asubuhi alimpeleka kwa gari lao kuukuu la Pijo kutoka Hurlingham hadi duka lake la kushona suti katikati ya jiji, jioni akamfuata. Kazi ya Tarlochan ilikuwa kukaa kushoto, kuinamisha kilemba kisikwaruze paa, na kuwalaumu madereva wengine.

Kisha kiharusi kikampiga Surinder. Mkono ulirudi, ulimi ukarudi mkali vilevile, lakini mguu wa kushoto ulibaki mzito na haukunyooka wote. Gari likakaa chini ya turubai. Siku moja, wakinywa chai, akasema bila kuinua macho, "Jumamosi nitalijaribu. Nikishindwa, mpeni mtu mwenye miguu."

Mama huyu akisema amesema. Alikuwa ameshagawa viatu vyake vya sherehe, kisha sufuria kubwa za kupikia wageni. Alikuwa akijipunguza kidogo kidogo, na hilo lilimtisha Tarlochan kuliko kiharusi chenyewe.

Akamwita Kiilu, fundi wa magari mwenye gereji Kinoo. Kiilu akalala chali chini ya dashibodi, akaibonyeza pedali ya klachi kwa mkono, akatoka akitikisa kichwa.

"Mzee, hii uzito siwezi punguza, hiyo ni springi. Lakini naweza leta pedali karibu. Kiti nayo imefika mwisho. Unajua mguu ya mama inafika wapi?"

Kuulizwa vipimo, yeye aliyepima miguu ya nusu ya mawakili wa Nairobi. Tarlochan akatoa tepu mfukoni, akamketisha mkewe kwenye kiti cha jikoni, akapima kutoka nyonga hadi chini, kama alivyopima watu miaka yote.

"Unanishonea suruali?" Surinder akauliza.

"Usitikisike."

Kiilu akalegeza nati, akazungusha, akapima, akazungusha tena, hadi pedali na tepu vikakubaliana.

Jumamosi ikafika. Kiilu alikuja kuona kazi yake. Surinder akajiingiza nyuma ya usukani, na jambo la kwanza alilofanya ni kuinama, kuvua viatu na kumkabidhi mumewe aliyeketi kushoto, bila kumtazama, kama kawaida.

Tarlochan akavitazama viatu hivyo, ambavyo mkewe alipewa hospitalini, na soli zake nene, akang'amua kosa lake. Fundi wa suti humpima mteja akiwa na viatu, maana suruali huvaliwa na viatu, na ndivyo alivyompima mkewe. Lakini Surinder hakuwahi kuendesha ila kwa miguu mitupu. Na safari zote hizo, viatu vyake vilikaa mapajani pa nani? Pa huyu huyu mpimaji hodari.

Surinder akanyoosha mguu. Vidole vikaifikia pedali, vikaisukuma hadi nusu, ikavirudisha. Akajaribu tena. Kisha akaweka mikono mapajani.

"Basi," akasema taratibu.

"Mama, ni kuzungusha nati tu," Kiilu akasema, spana tayari mkononi. "Nipe dakika kidogo."

Tarlochan hakungoja. Alijua kwamba mkewe akishuka sasa hivi hatapanda tena. Akavua viatu vyake, akajiburuta kwenye kile kiti kirefu cha mbele hadi bega lake likagusa la mkewe, mbele ya fundi na mlinzi wa geti, yeye ambaye hata mkono hakuwahi kumshika hadharani. Akaupeleka mguu wake wa kulia juu ya mguu wa kushoto wa mkewe.

"Niambie lini."

Surinder akawasha gari. "Sasa."

Pedali ikazama hadi chini. Surinder akavuta gia ya kwenye usukani.

"Achia. Polepole, hii si cherehani."

Gari likaruka, likazima. Surinder akacheka hadi machozi yakamtoka, na Tarlochan, aliyekuwa amekosa kicheko hicho tangu hospitalini, akalia waziwazi. Mara ya pili likaondoka, taratibu, likavuka uwanja hadi getini, Kiilu akitembea kando.

"Sasa nirekebishe, mama?" akauliza dirishani.

"Wacha hivyo hivyo," Surinder akasema. "Huyu amebebwa bure tangu tuoane."

Akampungia mlinzi afungue geti, kisha akamgeukia mumewe. "Sardarji, kanyaga."