Antena ya Dirishani

Kebo ilipopanda bei tena, fundi wa friji aliwaambia wenye kampuni waje wachukue waya wao, akanunua antena ya bei rahisi sokoni. Jioni hiyo televisheni ilionyesha chenga tupu. Mkewe akaishika antena, watoto wakaishika, hola. Mama yake fundi alikuwa anapita na kikombe chake kwenda jikoni, wakamwomba aishike kidogo pale dirishani.

Picha ikatulia kama maji ya mtungini. Zikaja stesheni zote walizokuwa wakilipia, na nyingine za nchi zenye theluji ambazo hata kebo haikuwa nazo.

"Hapo hapo, mama! Usitikisike!"

Bibi hakutikisika. Alihamia pale baada ya kufiwa na mumewe, na ilikuwa muda sasa hajaambiwa neno zaidi ya salamu. Akiachia, chenga. Akikaa, chenga. Basi akawa anasimama, tangu taarifa ya habari mpaka mechi iishe, kioo cha televisheni kikiwa mgongoni mwake, wenzake wanacheka yeye anatazama ukuta wa jirani. Mkwewe alimlisha kwa kijiko wakati wa matangazo. Miguu ilipovimba, fundi alimnunulia soksi, tena za bei ghali. Tusije tukasema hakumjali.

Habari zikamfikia dada yake fundi, yule aliyesema baada ya msiba kwamba nyumba yake ni finyu, hata mbu hana pa kutua. Naye akakata kebo, akaja na gari.

"Mama ni wetu sote," alisema. "Umemng'ang'ania peke yako, ndiyo uungwana huo?"

"Si ulimkataa mwaka jana wewe?"

"Mwaka jana nilikuwa na kebo."

Waligombana mpaka sauti zikawakauka. Bibi aliwasikiliza huku machozi ya furaha yakimtoka. Hakujua kama angeishi kuona wanawe wakimgombania. Wakakubaliana: mwezi huku, mwezi kule. Binti alimkunjia nguo zake kwa mikono yake mwenyewe, akamshika taratibu kushuka ngazi.

"Mwanangu," bibi aliuliza garini, "huko kwako tutakuwa tunakaa pamoja sebuleni?"

"Sebuleni kabisa, mama," alisema binti, akimfunga mkanda. "Tumeshakutobolea na dirisha."