Kapu la Kejeli
...na mstari mwekundu, wa malalamiko, ndio mrefu kuliko yote, hilo halimshangazi, yeye mwenyewe, msoma maoni ya wateja, ndiye aliyeuchora juzi mchana, akauchagulia rangi, akausogeza kidogo kushoto usigusane na maandishi, akaona umekaa sawa, na sasa Mkuu wa kitengo amesimama kando ya mstari huo ukutani anaugonga kwa kalamu, kok, kok, "Huu hapa, jamani, takwimu hazina mjomba, wenye televisheni za zamani hawatupendi," na watu wanane wakatikisa vichwa kuzunguka meza, naye msoma maoni akatikisa chake, kwa adabu tu, kama mtu anayekubali bei ya kitu asichokusudia kununua. Chumba kina baridi ya kiyoyozi, vikombe vitupu, mkoba wa mtu umelala chini mdomo wazi... hoja yenyewe ni nyepesi, toleo jipya la programu ya kisanduku wanachouza likitoka mwisho wa mwezi litaacha kufanya kazi kwenye televisheni za zamani, zile nene, ambazo fundi wa programu huziita makabati, na leo asubuhi wanakubaliana au hawakubaliani, kisha barua inaandikwa. "Kuyabeba makabati kunatuchosha," fundi anasema, "kila nikirekebisha kitu kimoja kwao, vitatu vinaharibika kwa wengine." "Na yanachemka!" anadakia dada wa mauzo. "Lile kabati ukiliwasha nusu saa, unaweza kupigia pasi mgongoni mwake." Wakacheka. Yeye hakucheka, wala hakukasirika, aliweka kicheko chao mahali pake, kicheko cha saa nne asubuhi, cha watu wanaotaka kutoka... ndivyo alivyo, kila kitu hukiweka mahali pake, ndiyo kazi, watu wananunua kisanduku, wanakichomeka kwenye televisheni, wanaangalia filamu na mpira kwa intaneti, halafu wanaulizwa, unatupa nyota ngapi, moja hadi tano, andika na maoni yako, na maoni hayo yanamwangukia yeye, mia mbili kabla ya chakula cha mchana, mia mbili baada yake, naye anayagawa kwenye makapu, sifa, swali, lalamiko, mpaka mwaka jana alipoongeza kapu la nne, la kwake mwenyewe, kejeli. Kwa sababu aligundua jambo. Mtu anatoa nyota moja, halafu anaandika, safi sana. Nyota moja, halafu, Mungu awazidishie. Nyota moja, mume wangu sasa haendi kuangalia mpira kwa jirani, asanteni kutoka moyoni... mashine iliyahesabu hayo kuwa sifa, na yeye akasema hapana, hawa wanatudhihaki, nyota haidanganyi, akayatoa kwenye sifa akayatia kwenye kejeli, na kejeli ni tawi la lalamiko, na Mkuu akamsimamisha mbele ya watu, akasema, "Huyu ametuongezea jicho la tatu," wakampigia makofi, na tangu siku hiyo ofisi nzima inamwita Bi Kejeli. Hakulipenda wala hakulichukia. Jina ni jina.

"Bi Kejeli, makapu yako yana walalamikaji wangapi wa makabati?" Mkuu anauliza bila kugeuka, "Elfu moja na kidogo," anajibu, "kati yao kejeli ni mia nne na kumi na mbili," "Mia nne na kumi na mbili!" Mkuu anarudia kama anayetangaza washindi, "watu hawatupendi mpaka wanatutungia kejeli," na kalamu, kok... nyumbani wanalo kabati. Lilikuja na mama mkwe, siku aliyohamia kwao, wanaume wawili walilibeba wakihema, na mama mkwe nyuma yao, mikono mbele kama anayefuata jeneza, "Taratibu, wanangu, lina kona hilo." Mtaani alikotoka walimwita Mama Pacha, kwa sababu mwanawe, mume wa huyu msoma maoni, alizaliwa na mwenzake dakika saba nyuma, na jina likahama naye pamoja na kabati. Wiki hiyo hiyo yeye alimletea kisanduku kutoka kazini. Akakaa chini sakafuni kukichomeka. Mama Pacha juu ya kochi, rimoti mkononi, "Hiki kitufe cha nyumba ndogo ni cha nini?" "Cha kurudi mwanzo, mama." "Na hiki?" "Cha sauti, mama." "Na cha nyumba ndogo ulisema ni cha nini?"... mwishowe akachukua karatasi akaviandika vyote kwa herufi kubwa, si kwa upendo, kwa utaratibu, ili asiulizwe tena. Aliulizwa tena. Wakawa wanaangalia tamthilia kila jioni, saa moja, mama mkwe akizungumza na waigizaji, "Usimfungulie, we binti, huyo ana lake!", na yeye kimya pembeni, hakumbuki kama alikuwa anaangalia au alikuwa anapumzisha miguu. Halafu wiki tatu zilizopita, siku ya Jumanne, kwenye skrini yake ya kazini, maoni namba mia moja na kumi, kabati, nyota moja, jina la mteja Mama Pacha. Kompyuta huonyesha mstari wa kwanza tu, ukitaka mengine unabofya. Mstari ulisema, *Huyu mkamwana wangu aliyeniletea hiki kisanduku, acha niseme ukweli wangu leo...* na nukta tatu. Hakubofya. Alijiambia si uungwana kusoma maoni ya ndugu, kuna kanuni, na kama haipo ingefaa iwepo. Alijiambia nyota moja inatosha. Akayatupa kwenye lalamiko akaendelea na namba mia moja na kumi na moja, hakupunguza kasi, jambo ambalo alilitazama kwa mbali na kuridhika nalo... tangu jioni ile anaosha vyombo saa moja. "Mwanangu, kinaanza!" sauti kutoka sebuleni, "Nakuja, mama," na hakwenda, alisugua sufuria iliyokwisha kutakata, na mama mkwe akipita jikoni, "Umechoka, mwanangu, kazi ya kusoma nayo ni kazi," yeye akaisikia na kuiweka kwenye kapu lake, kejeli, "Leo umependeza," kejeli, "Nimekuwekea chai," kejeli, na juzi mume akauliza, "Mmegombana na mama?" "Tugombanie nini?" "Ananiuliza mimi. Anasema labda anapandisha sauti ya televisheni mno." Alimjibu kwamba kabati litazimika mwisho wa mwezi na itanunuliwa televisheni nyembamba, na hapo kila mtu atajua vitufe vyake, na alipolala aliona jambo hilo limekaa sawa, kama mstari.

"Sasa kabla hatujafunga," Mkuu anasema, "niwaburudishe kidogo, maana nimeyapitia maoni ya nyota moja kutafuta mfano, nikakutana na bibi mmoja..." na ukuta ukabadilika, mstari mwekundu ukaondoka, yakaja maandishi meusi juu ya weupe, makubwa, yote, bila nukta tatu, na macho yake yakaanza kusoma kabla hajayakataza, huyu mkamwana wangu aliyeniletea hiki kisanduku, acha niseme ukweli wangu leo, maana usoni pake siwezi, ataona haya. Alikaa chini sakafuni akaniandikia vitufe vyote kwa herufi kubwa. Nikiuliza mara kumi anajibu mara kumi. Jioni tunaangalia pamoja, yeye hacheki lakini najua anafurahi, kwa sababu haondoki. Kisanduku ni kizuri na yeye ni mzuri zaidi. Nawapa nyota moja, namba moja, kama darasani, hakuna wa kuwapita... na kicheko kikalipuka, dada wa mauzo amelalia meza, "Jamani! Namba moja! Bibi ametupa namba moja!" fundi anafuta macho, "Wale waliotupa tano wametushikisha mkia," na Mkuu mwenyewe anatingisha mabega, "Mnaona? Hao ndio wenye makabati, hata nyota hawajui kuzihesabu, mimi niendelee kuyabeba makabati kwa ajili yao?"... haondoki. Amesoma haondoki mara tatu. Kumbe alikuwa anaangaliwa, pale pembeni, akidhani ni yeye anayeangalia, na mtu akamwona anafurahi, na alikuwa anafurahi, hilo ni jambo la ajabu, linamfikia sasa katika chumba chenye baridi, kwa maandishi makubwa, mbele ya watu wanane wanaocheka, kwamba kila siku saa moja jioni alikuwa anafurahi. Analitafutia kapu, lalamiko, swali, sifa, anarudia mwanzo, halina kapu... na nyuma ya jambo hilo, polepole, kitu kingine, cha baridi, cha hesabu, namba moja kama darasani, safi sana nyota moja, Mungu awazidishie nyota moja, mume wangu sasa haendi kwa jirani nyota moja, hawakudhihaki, hakuna aliyedhihaki, mia nne na kumi na wawili walikuwa wakisema asante kwa namna waliyofundishwa shuleni, wa kwanza ni moja, na yeye akawasoma wote kwa jicho la tatu akawaona wenye kejeli. Mstari mwekundu si wa chuki wote. Wa chuki umebaki nusu yake, pengine zaidi kidogo ya nusu, hajui, itabidi ahesabu upya, na mwisho wa mwezi hao waliowapa namba moja watawasha makabati yao saa moja jioni na kukuta kiza. Na ushahidi uko ukutani. Uko pale, watu wanausoma kwa sauti, wanavunjika mbavu, na hakuna anayeuona kwa sababu unachekesha.

Mtu mwingine angeweza kuuona. Anangoja. Anamtazama fundi, ambaye ni mwerevu kuliko wote humu, fundi anatafuta kalamu yake chini ya meza. Dada wa mauzo anaangalia simu. Akinyamaza hakuna atakayejua, kapu litabaki kapu, jicho la tatu litabaki jicho, na televisheni nyembamba italetwa nyumbani na mama mkwe atasema asante kwa kitu alichoondolewa, na yeye ataisikia vizuri safari hii, kwa maana yake kamili, na hilo ndilo linalomkaba... "Basi," Mkuu anasema, kidole juu ya kitufe cha kugeuza picha, "kama hakuna mwenye neno." Maandishi bado yako ukutani. Kiyoyozi kinavuma vilevile, mkoba umelala vilevile mdomo wazi, watu wale wale wanane, na yeye kwenye kiti kile kile anapanga maneno, si kwa ustadi, yanakuja yamevurugika, itabidi aanze na, Mkuu, samahani, kosa ni langu, hapana, itabidi aanze na, huyo bibi namjua, watacheka tena, waache wacheke, kisha kosa ni langu, kisha aombe kompyuta iwashwe na afungue moja baada ya jingine, mbele yao, mia nne na kumi na mawili, wakose chakula cha mchana, wamchukie, na kila moja asome hadi nukta ya mwisho.