Vidole vya Tulinagwe

Kinanda cha nyumbani kwao Tulinagwe kilikuwa ubao wa kitanda kilichovunjika, vibonyezo vyake vimechorwa kwa mkaa. Paa likivuja, na hapa Ngana mvua haina likizo, alichora upya. Alifanyia mazoezi hapo, kimya kimya, huku mama yake akifunika kakao kwa majani ya migomba. Kinanda chenye sauti kilikuwa kanisani, mali ya Mzee Zebedayo, mlezi wa kwaya, ambaye ndiye pia aliyepokea kakao ya kijiji kizima na kuamua ipi nzuri, ipi imeoza.

Zebedayo ndiye aliyemwambia kuna ufadhili wa kusomea muziki chuo kikuu. Walitaka video tu. Doreen, binti wa Zebedayo, akashika simu kurekodi.

"Uso wa nini?" Zebedayo alisema. "Wanataka vidole, mwanangu."

Tulinagwe akapiga. Nani kwenye kwaya ile angemhoji mlezi? Jumapili moja matangazo yakasomwa: ufadhili umepatikana, anayekwenda ni Doreen. Vigelegele vikapigwa. Tulinagwe aliitikia amina pamoja na wengine.

Lakini kwaya ina desturi yake: anayekwenda masomoni haagwi mpaka apige wimbo mmoja peke yake mbele ya kanisa. Doreen hakujua hata do iko wapi. Ndipo Zebedayo alipokuja mwenyewe mpaka uani kwao, akikwepa tope.

"Ugonile, mama," alimsalimu mama mtu, kisha akamgeukia binti. "Utapiga wewe, nyuma ya pazia. Doreen atakaa mbele na kinanda cha kuazima, tutakizima sauti."

"Na mimi nitasoma lini, baba?"

"Mwakani. Kwani kakao yenu siku hizi mnamuuzia nani?"

Mama akainama zaidi juu ya majani. "Atapiga," akasema. "Ndaga fijo, baba."

Tulinagwe naye akasema ndaga. Hakuwa amewahi kushukuru kwa furaha mbaya kama ile.

Siku ya kuaga, Doreen alikaa mbele na gauni jipya. Nyuma ya pazia, Tulinagwe alipiga ubeti wa kwanza vizuri kuliko siku zote. Alitaka wapendezwe. Alitaka wasimame. Walipoanza kusogea na khanga zao kwenda kumtuza Doreen, akaondoa mikono.

Muziki ukakoma. Vidole vya Doreen viliendelea kukimbia, vinapanda, vinashuka, kichwa kikiyumba kwa hisia. Mtu akacheka. Tulinagwe akalivuta pazia lote, akasimama, mikono ameiinua juu. Haya, onekana sasa, alimwambia Zebedayo moyoni, onekana, mwizi mkubwa wewe.

Zebedayo aliinuka taratibu, akafunga kifungo cha koti, akachukua kipaza sauti.

"Ndugu zangu, umeme umekatika." Sauti yake ikajaa spika zote za kanisa. "Tumshangilie binti yetu hivyo hivyo."

Watu wakamtazama Tulinagwe, kisha wakatazama magoti yao. Feni zilikuwa zinazunguka juu ya vichwa vyao. Halafu makofi yakaanza, ya mtu mmoja, ya nguvu, kwenye benchi la pili. Tulinagwe aliitambua ile mikono kabla hajauona uso, mikono iliyoingia weusi wa utomvu wa migomba.

Mama yake alikuwa anapiga makofi huku analia, na hakuacha mpaka kanisa zima likamfuata.