Somo wa Kengele

Nchi ya Muhurini imekaa juu ya vilima na bonde moja, na kwenye kilima kirefu kuliko vyote limesimama jumba jeupe linalotunza Muhuri, chuma chenye mpini wa mpingo ambacho kisipogonga karatasi hakuna kitu kinachohesabiwa kuwa kimezaliwa, liwe duka, kiwe kiwanda, au wazo la kijana aliyeumiza kichwa mwaka mzima. Wenye Muhuri, koo chache zilizonenepa kwa kazi hiyo ya kugonga, waliandika sheria kwamba kampuni ni mtu, na kwa kuwa ni mtu lazima ipewe jina la mtu, na mtu huyo lazima awe mmoja wao. Wakamwita somo. Somo wa kampuni alichukua nusu ya hisa zake, wala hakutakiwa kufanya lolote zaidi ya kuwa na jina.

Huko bondeni watu walicheka chinichini. Kwao usomo ni mzigo kwanza: mtoto wa jirani akipewa jina lako, wewe ndiye umvishaye sikukuu, na akivunja chungu cha watu, wewe ndiye uitwaye. Lakini wakubwa hawakuwa na haja ya kuulizia mila za bondeni. Walikuwa na haja ya nusu.

Bondeni huko aliishi Tunukiwa, fundi wa simu. Maji ya bomba yalikuja yanapotaka, na aliyechoka kuyangoja alinunua kwenye maboza, yale malori ya maji ya Mwinyi Tandaza, mkubwa wa mabomba yote ya nchi. Mtu mwema sana kwa maneno yake mwenyewe. Tunukiwa akabuni kengele ndogo mfano wa kifuniko cha birika. Aliifunga kwenye bomba kuu, na kila maji yalipopita, simu za mtaa mzima zilitoa sauti. Alipopanda kilimani kuiandikisha, akaambiwa kwamba somo wa mambo ya maji ni Mwinyi Tandaza, na kampuni yake itaitwa jina hilo.

"Sauti itasema, Mwinyi Tandaza amefika," Mwinyi akaamuru.

"Mtukufu, si bora iseme maji yamefika?"

"Maji hayana jina, binti yangu. Mimi ninalo."

Basi ikawa hivyo, na kwa muda bonde likastarehe. Watu walikwenda kazini, simu ikilia wanarudi na ndoo. Tatizo ni kwamba maboza yalianza kulala na maji yake tumboni, na Mwinyi hakupenda kuyaona hivyo. Akatia koki mpya mbele kidogo ya kengele, akayageuzia maji kwenye yadi yake. Simu zikatangaza kwamba amefika, watu wakakimbilia mabomba, wakakuta upepo.

Wakashitaki. Tunukiwa hawakumgusa, maana kampuni ni mtu anayejibu mwenyewe, na mtu huyo aliitwa Mwinyi Tandaza. Kosa lilikuwa uongo, na kampuni iliyothibitika kuwa mwongo hufutiwa Muhuri. Kwa Mwinyi hilo lilikuwa jambo la heri. Tunukiwa alikonda kwa hofu, kwa sababu hakuwa na kazi nyingine aliyoipenda kama ile.

Akamwendea Sikujua, wakili mzaliwa wa bondeni, ambaye jina lake lilikuwa limeshawaponza wengi waliolidharau.

"Dada, wataniulia kengele yangu."

"Haifi, mdogo wangu. Waliandika somo, wakasahau kuandika maana yake. Neno lisilo na maana kwenye sheria huchukua maana ya mtaani."

Siku ya kesi, karani aliita, "Mwinyi Tandaza!" na Mwinyi, kwa mazoea ya kuitwa, akasimama. Watu wakacheka. Akataka kukaa, Sikujua akamzuia kwa adabu.

"Mheshimiwa hakimu, mtoto akikosa huulizwa somo wake. Huyu hapa ameshaitika."

"Mimi nina nusu tu," Mwinyi akasema.

"Usomo hauna nusu, Mtukufu. Ama umpe somo wako maji yaliyompungukia, ama umkane. Na kwa mila, anayemkana somo wake huliacha jina."

Hakimu naye alizaliwa bondeni, ingawa alikuwa hapendi kukumbushwa. Akasema mila ndivyo ilivyo. Mwinyi akautazama mlango, akawatazama watu. Muhurini asiye na jina hagongewi karatasi yoyote, hata ya kuzikwa.

Jioni hiyo hiyo koki iling'olewa.

Kengele ingali inalia. Mtoto akiona bomba linachuruzika polepole huwaambia wenzake Mwinyi Tandaza anaumwa, na maji yakija na matope husema hakuoga. Wako wanaodai kwamba jina lake halijapata kutajwa kwa furaha kama siku hizi, na pengine ni kweli. Wafagizi wa jumba jeupe wanasema tu kwamba kila alfajiri yeye mwenyewe, kabla hajanawa uso, huteremka kwenye bomba kuu, akaliwekea sikio, akangoja kusikia kama amefika.