Jasho la Namba Arobaini na Moja

Saa tano na nusu asubuhi, Jumamosi ya pili ya Februari, Verlin Stroud alikuwa kwenye benchi la chumba cha waamuzi, uwanja wa mpira wa kikapu wa Chuo cha Tillman, mjini Marlow Springs, Indiana, akijipaka dawa ya misuli miguuni. Simu ya mwenzake ilikuwa imewekwa juu ya kabati la nguo, sauti imefunguliwa, na waamuzi wote watatu walimsikiliza Lowell Pruett, msimamizi wao wa ligi, mtu anayeamua nani apewe mechi na nani abaki nyumbani.

"Watu hawaji kusikiliza vipenga, jamani," alisema Lowell. "Wanakuja kumwona kijana."

Hakuna aliyeuliza kijana yupi. Tangu sheria iruhusu wanafunzi kulipwa kwa kucheza, matajiri wa Tillman walikuwa wakimlipa Jamarion Voss dola milioni moja na laki nane kwa mwaka, bila kuhesabu gari alilopewa na muuza magari ambaye alimweka kwenye mabango yake. Verlin alikuwa amepita mabango sita asubuhi ile, na katika yote Voss alikuwa akicheka.

Verlin alikuwa na miaka hamsini na saba. Siku za kazi alikuwa mkaguzi wa bima ya mazao, mtu wa kusimama katikati ya mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe na kusema hasara ni kiasi gani, na wakulima hawakuwa na kawaida ya kumbishia. Wakati wa kiangazi alifundisha waamuzi wachanga. Aliwafundisha jambo moja kuliko yote: mtu akigongwa, piga kipenga, inua ngumi juu, pumua, halafu ndiyo useme. Mkono nyuma ya kichwa, faulo ni ya mshambuliaji. Mikono miwili kiunoni, ni ya mlinzi. Ile pumzi moja, aliwaambia, ndiyo kazi yenyewe.

Zikiwa zimebaki sekunde kumi na tisa, Bell River, wageni, walikuwa mbele kwa pointi moja. Voss alikuwa na faulo nne, na ya tano ingemtoa nje. Akaingia na mpira kwa kasi. Mbele yake alisimama Orrin Hackl, namba arobaini na moja, mzaliwa wa Marlow Springs ambaye Tillman hawakumtaka, na ambaye Bell River walimkubali bila kumlipa hata senti. Ada alilipiwa na mama yake. Orrin alikuwa ameshasimama, miguu yote miwili nje ya nusu duara iliyochorwa chini ya goli, mikono kifuani; mlinzi aliyetulia hivyo akigongwa, faulo si yake. Voss akamgonga. Orrin akaanguka chali na kuteleza kidogo.

Verlin alipiga kipenga, akainua ngumi, akapumua. Alikuwa ameona kila kitu. Na katika pumzi ile ile aliona mabango sita, na watu elfu kumi na moja waliolipa kiingilio, na orodha ya mechi za Machi, zile kubwa za mwisho wa msimu, juu ya meza ya Lowell. Mikono yake ikashuka kiunoni.

Voss akafunga mitupo yote miwili ya adhabu. Tillman wakashinda kwa pointi moja.

Orrin aliposimama, aliacha alama ya jasho kwenye mbao: nyayo mbili, halafu mgongo, mabega, kichwa. Waliikausha kwa tambara, ikabaki. Wachezaji wakairuka kwa sekunde zilizobaki. Jumapili alama ilikuwa bado mbichi. Jumatatu, Delbert Ruck, mtunza sakafu, aling'oa mbao kumi na moja na kuweka mpya. Jumanne asubuhi alama ilikuwa imerudi pale pale, nyayo zikiwa nje ya mstari upana wa vidole vinne. Delbert aliandika kwenye daftari lake: mbao njema, unyevu unaendelea. Kisha akaenda kula.

Wiki nzima redio za jimbo zilibishana. Wengine walisema nyayo zile zimemaliza ubishi. Wengine walisema kusimama si hoja, hoja ni kama alisimama mapema, na jasho halina saa. Mmoja alipiga simu kusema kijana wa milioni mbili hawezi kutolewa nje na mtu asiye na jina, hiyo ndiyo biashara siku hizi, asiyependa akatazame mieleka. Verlin alisikiliza yote akiwa garini. Yule wa mwisho ndiye aliyemuumiza, kwa sababu ndiye aliyesema yale aliyokuwa ameyafanya yeye.

Jumatano, Lindgren, kocha wa Bell River, alimpigia simu. Hakuwa na hasira, na Verlin angefurahi kama angekuwa nayo. Alisema chuo kimeagizwa kupunguza wachezaji kutoka kumi na saba hadi kumi na watano, na wafadhili wanataka aondoke yule aliyewapotezea mechi.

"Sikuombi uturudishie mechi, Bwana Stroud," alisema. "Andika mstari mmoja tu kwenye ile fomu yenu. Nikiwa nao mkononi, Orrin anabaki."

Kila mwamuzi hujaza fomu baada ya mechi, na swali la tisa huuliza: kuna uamuzi ambao ungeubadilisha? Verlin alifungua kompyuta kwenye meza ya kulia. Mke wake, Nadine, alikuwa akimenya viazi upande wa pili. Kabla hajaandika, Lowell akapiga simu.

"La tisa usiliguse, ndugu yangu," alisema. "Ukishaandika, halitakaa mezani kwangu. Litafika magazetini, litafika kwa watu wa Voss, halafu mimi Machi nitakupangaje?"

Verlin alisema ameelewa. Akaandika: Hapana.

"Si ulisema alikuwa amesimama?" aliuliza Nadine.

"Nilisema."

"Ulimwambia nani zaidi yangu?"

Verlin akafunga kompyuta. Nadine akaendelea na viazi, na chakula kilipoiva walikula. Kuanzia siku ile Verlin aliona haya kuvua shati mbele ya mke wake, jambo ambalo hakuwahi kulionea haya kwa miaka thelathini na moja. Orrin aliondolewa Ijumaa. Lindgren alimtumia Verlin ujumbe wa kumjulisha, na mwishoni akamshukuru kwa muda wake.

Kuhusu alama, ligi ilitoa waraka kwamba ni sehemu ya uwanja na mpira ukidunda juu yake mchezo unaendelea. Wanasheria wa Tillman wakaulizwa jasho ni la nani. Walipekua mikataba yote. Jina la mchezaji lilikuwamo, sura yake ilikuwamo, hata saini yake, lakini jasho halikutajwa popote, na Orrin hakuwa na mkataba. Mwishowe walitumia kanuni ya miavuli na makoti yaliyosahauliwa: kitu alichokiacha mgeni uwanjani kikipita siku thelathini bila kudaiwa ni mali ya uwanja.

Siku ya thelathini na moja, mkahawa mmoja wa mjini ulinunua haki ya udhamini. Kila Jumamosi asubuhi isiyo na mechi, watu walipanga foleni kulala kwenye alama. Anayeenea bila kuzidi wala kupungua alipewa kuponi ya mkate mmoja wenye nyama ya nguruwe ya kukaanga, ile pana inayotokeza nje ya mkate pande zote. Watu mia nne walilala. Hakuenea hata mmoja.

Verlin alikwenda Jumamosi ya mwisho ya Machi. Hakujua anafuata nini. Mechi zake za Machi alikuwa amezipata, zote. Alisimama nyuma ya mama mwenye watoto mapacha na hakutambuliwa, maana refa asiye na shati la mistari ni mzee yeyote tu.

Watu wanne mbele yake alisimama Orrin Hackl, amevaa sare ya duka la matairi. Zamu yake ilipofika alivua kofia, akalala. Visigino vikaingia kwenye nyayo, mabega kwenye mabega, kichwa kwenye kichwa. Binti aliyeshika kuponi aliinama, akazunguka, akamkagua kila upande.

"Umeenea, kaka," alisema. "Jina?"

Orrin akataja jina. Binti akaliandika, akauliza Hackl linaandikwaje, akampa kuponi na kumwita anayefuata. Watu wakapiga makofi kwa adabu.

Orrin alipokuwa akitoka, alimwona Verlin. Akasimama.

"Bwana Stroud."

"Orrin."

"Nyayo umeziona?"

"Nimeziona."

"Na siku ile, ulikuwa umeziona?"

Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia. Hapakuwa na Lowell wala redio, na mama wa mapacha alikuwa akifunga kamba za viatu vya mtoto. Verlin alihisi mkono wake wa kulia ukinyanyuka wenyewe, ngumi imefungwa, hadi juu ya kichwa. Ukakaa hapo. Akapumua. Mtoto mmoja akamtazama, kisha akatazama pengine.

"Mchezo ulikuwa unakwenda kasi, mwanangu," alisema Verlin, na mkono ukashuka.

Orrin aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa bei aliyoitarajia. Aliitazama kuponi, akampa.

"Chukua wewe, mzee. Mimi nimeshakula."

Verlin alipaswa kukataa. Alijua hivyo wakati akiipokea, na alijua hivyo alipokuwa akivuka barabara kwenda kwenye mkahawa, ambako mhudumu alimpongeza kwa kuenea na akamwongezea achari bila malipo. Alikaa garini, akaweka karatasi mapajani, akaanza kula. Nyama ilikuwa ya moto na ilikaangwa vizuri. Alidhani haitapita kooni. Ilipita. Akaila yote.