Baba Aliyekuja na Bwana Harusi

Baba alikuwa ameapa mbele ya mama na shangazi Kusum kwamba siku ya harusi yangu hatagusa tarumbeta.

"Miaka thelathini na moja nimewapeleka wana wa watu kwa wake zao," alisema. "Safari hii nitasimama mlangoni kama mzee mwenye heshima zake. Nitapokea wageni, nitanyamaza."

"Unyamaze wewe?" shangazi akacheka. "Haya, macho yetu."

Mama hakucheka. Alimnunulia kilemba cha rangi ya waridi, na asubuhi ile akamfunga kichwani kwa mikono yake mwenyewe, akamwonya asitikise kichwa.

Hapa Karad, mji wetu wa India, hakuna asiyemjua baba, Shivram Waghmare, mkuu wa bendi. Lakini bendi huletwa na upande wa mwanamume, na wakwe zangu walikuwa wamemkodi Pandurang Sonawane, kutoka mji wa pili. Sonawane na baba hawakuwa wakisalimiana tangu kabla sijazaliwa, kisa mtu mmoja aliwahi kusema hadharani kwamba Sonawane ana pumzi ndefu kuliko baba. Baba alimwita honi ya lori. Naye Sonawane alimwita baba filimbi ya polisi.

Kuhani alikuwa ametupangia kufunga ndoa saa sita na dakika thelathini na tano mchana, isizidi hata moja. Saa tano na nusu nilikuwa chumba cha juu cha ukumbi, bangili za kijani hadi karibu na viwiko, shangazi akinibana asumini nyweleni. Msafara wa bwana harusi tulikuwa tukiusikia vizuri kutoka upande wa hekalu la mungu Maruti. Ghafla tarumbeta kubwa ikatoa mlio mmoja mbaya, ikakatika. Zikabaki ngoma, na vijana wawili wa tarumbeta ndogo, kila mmoja na wimbo wake.

Nikachungulia dirishani. Baba alikuwa mlangoni, ameinamisha kichwa upande mmoja, uso umemkunjamana kama mtu mwenye jino bovu.

"Wanauua ule wimbo," alisema.

"Acha ufe," mama akamjibu, akisogea dirishani kando yangu. "Si wimbo wako."

"Naenda kuona tu."

"Baba Surekha! Wewe! Baba Surekha!"

Alikwishakata kona.

Yaliyotokea huko alinisimulia Kishor, mume wangu, aliyeyaona yote kutoka juu ya farasi. Mjomba wake alikuwa amemvika Sonawane shada la maua, na ndani ya maua mlikuwa na nyuki. Nyuki akamchoma mdomo wa juu. Baba alipofika, Sonawane alikuwa ameketi kwenye ngazi ya duka la fundi cherehani, machozi yanamtoka, mdomo umefura kama laddu, kile kitamu cha mviringo. Farasi naye amegoma kabisa, kwa sababu hakuzoea kutembea pasipo muziki.

Baba akasimama mbele ya Sonawane. "Pole."

"Unacheka," Sonawane alisema, kama mtu aliyejaza wali mdomoni.

"Sicheki."

"Unacheka moyoni."

"Moyoni kidogo," baba akakiri.

Sonawane akawatazama wapigaji wake. Akamtazama farasi. Kisha akanyoosha mkono uliokuwa na tarumbeta. "Usiniharibie jina."

Baba akaifuta kwa ncha ya shali. Kilemba kilikuwa kikimwangukia machoni, basi akakivua, akamvisha Sonawane, naye akavaa kofia nyekundu ya Sonawane, iliyodariziwa jina la bendi ile kwa nyuzi za dhahabu.

Mimi huku juu nikasikia sauti ya kwanza tu, nikajua. Baba huwa anachelewa kidogo kabla ya kuipanda sauti ya juu, kama mtu anayejivuta nyuma ili aruke mtaro.

"Shangazi, huyo ni baba."

Mama akakaa kitandani puu. "Sasa wakwe atawapokea nani?"

Wakaja. Nyanya wa Kishor alikuwa akicheza, baba yake akicheza na leso, hata muuza vitunguu aliyekuwa akipita tu alikuwa akicheza. Baba alitembea kinyumenyume mbele ya farasi, mashavu yamejaa, macho yanang'aa. Mama akashuka na sinia la taa la kumkaribishia bwana harusi, akasimama mlangoni peke yake.

"Wewe uko upande gani?" akamwuliza mumewe.

Hakuweza kujibu, tarumbeta ilikuwa mdomoni. Akajibu kwa nyusi. Baba mkwe wangu akamkumbatia hivyo hivyo, tarumbeta ikabanwa katikati yao, ikapiga honi. Watu walicheka hadi wakashikana mabega.

Kisha wageni wote wakaingia. Wapigaji hawaingii. Katika harusi zetu huishia mlangoni, huegemeza ngoma ukutani na kungoja maji yaletwe kwa nyuma. Baba naye akasimama hapo hapo pamoja nao. Miguu yake ilikuwa imezoea. Ndani watu wanauliza baba wa bibi harusi yuko wapi, naye yuko juani na kofia ya mwenzake, ametulia kama mtu aliyemaliza kazi yake. Ule utulivu ndio ulionichoma.

Nikashuka ngazi mbio, bangili zikilia.

"Mtoto wewe!" shangazi akapiga kelele. "Bwana harusi atakuona!"

"Afumbe macho!"

Nikamshika baba mkono. "Ingia."

"Nakuja, mwanangu. Nangoja vijana wanywe maji."

"Waje nao."

"Na ngoma zao?"

"Na ngoma zao. Na wewe, mjomba Sonawane. Njoo ndani, upate barafu ya huo mdomo."

Waliingia kumi na wanne, wakifuta viatu zaidi ya ilivyohitajika. Nyanya wa Kishor akasogeza sari yake, akawaketisha mstari wa mbele. Mama akawapitishia vitamu kabla ya wageni wa heshima, na hakuna aliyethubutu kumwuliza kwa nini.

Likashikwa pazia jeupe kati yangu na Kishor. Kuhani akaimba beti zake, na kila ubeti ulipoisha watu wakaturushia mchele. Ubeti wa mwisho, pazia likashuka. Hapo ndipo bendi ya nje hupewa ishara, lakini leo bendi ilikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Ngoma zote zikalipuka kwa pamoja ndani ya kuta nne. Kuhani akaruka, kitabu kikamtoka mikononi. Baba akapuliza, na punje za mchele zilizokuwa zimeangukia ndani ya tarumbeta zikamrukia kuhani kifuani. Mimi na Kishor tulishindwa kuvishana mashada kwa kicheko. Lake lilinasa sikioni mwangu.

Sonawane, barafu mdomoni, kilemba cha waridi kimekaa upande, alisimama juu ya kiti akimpigia baba kelele:

"Vuu vaidi! Vuu vaidi, Vivram!"

Baba akapanda juu zaidi.